Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mbio Zetu za Baiskeli za Milimani

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka huu. Sehemu yake kubwa itahusu shindano moja kati ya manne tuliyoandaa, kwa kuwa katika shindano hilo tulimkosea mwenzetu, na mimi nikiwa mwenyekiti ndiye wa kwanza kubeba lawama.

Mashindano matatu yalikwenda salama. Lile la Januari, katika tambarare kavu za magharibi ya Arusha, lilituletea pancha nyingi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka, maana miiba ya migunga haichagui tairi jipya wala kuukuu. Waliokuwa wameweka majimaji ya kuziba ndani ya matairi yasiyo na tyubu walizungusha gurudumu kidogo na kuendelea. Sisi wengine tulikaa kivulini tukibandika viraka, na hakuna aliyelalamika.

Shindano la Aprili lilipangwa katika miteremko ya Mlima Meru, kupitia vijia vya mashamba ya migomba na kahawa. Mvua ya masika ilinyesha usiku kucha na tulipaswa kuahirisha, lakini hatukuahirisha. Udongo wa kule ukilowa hunata. Ulijaa kati ya tairi na fremu mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka, na wengi wakalazimika kubeba baiskeli mabegani katika mpando ambao siku ya kiangazi huchukua dakika chache tu. Ilipotimu saa nane mchana tulihesabu watu kwa macho, tukaamini kuwa wote wamefika, tukakunja meza na kupakia garini maji pamoja na sanduku la huduma ya kwanza.

Saa kumi kasorobo alitokea mama mmoja, mwanachama wetu tangu mwaka wa kwanza, akisukuma baiskeli peke yake. Cheni ilikuwa imemkatikia mbali, juu kabisa ya njia. Alikuwa ameifunga ndani ya kilemba chake na kuining'iniza kwenye usukani. Pale kwenye mstari wa mwisho alimkuta kijana mmoja tu, aliyekuwa akikusanya kamba za kuzuilia njia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. Kijana huyo ndiye aliyenisimulia kwamba mama hakufoka wala hakulaumu, bali aliuliza tu, "Hata maji hayakubaki?"

Nilikwenda nyumbani kwake siku ya pili kumwomba radhi, naye alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Hata hivyo, radhi ya mtu mmoja haitoshi kwa kosa la chama kizima. Mashindano yetu tunayaita ya kirafiki, ambayo mtu huja kwa kasi yake, hushuka na kusukuma akichoka, na husimama kutazama mlima akipenda. Tukishamwahidi mshiriki hivyo, basi anayekuja wa mwisho ndiye aliyetuamini zaidi, na ndiye tuliyemwacha. Kwa sababu hiyo, tangu Julai kamati imeweka utaratibu ambao ninaomba mkutano huu uuthibitishe: kila mshiriki anaandikwa anapoondoka na anapofika, mpanda baiskeli mmoja mzoefu, tunayemwita mkia, anakaa nyuma ya wote akiwa na pampu, kifaa cha kuungia cheni na simu yenye chaji, na meza haikunjwi mpaka mkia afike.

Liko na jambo la mfereji. Siku hiyohiyo ya Aprili, baadhi yetu walikwepa tope kwa kupita juu ya kingo za mfereji wa kumwagilia mashamba, zikabomoka, na maji yakamwagikia maharage ya mzee mmoja ambaye kwa miaka yote ametuachia njia bila kutudai chochote. Tulikwenda watu tisa na majembe tukazijenga upya, na maharage tuliyalipia. Ninawakumbusha kuwa serikali ya kijiji inaturuhusu kutumia vijia hivyo kwa hisani. Hatuna haki juu yake hata ya upana wa tairi moja.

Mapato na matumizi mtayasikia kwa mweka hazina, nami sina la kuongeza.

Limebaki pendekezo la zawadi za fedha kwa washindi, lililoletwa na wanachama kadhaa kwa nia njema. Wanasema mchezo huu umekua, nao wanasema kweli: mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani yanayotambuliwa na shirikisho la kimataifa yalianza mwaka 1990 huko Durango, Marekani, na Olimpiki ikaupokea mchezo mwaka 1996 mjini Atlanta. Lakini miaka 20 kabla ya Atlanta, marafiki wa California walikuwa wakishindana kuteremka njia ya Repack kwa baiskeli nzito za zamani. Breki zao zilikuwa za kukanyaga kinyume, zikipata moto hadi grisi ndani ya gurudumu la nyuma ikaungua, na baada ya mteremko ikabidi kuijaza upya. Jina la njia limetokana na kazi hiyo. Waliitana wenyewe kwa wenyewe, wakapimana muda na kurudi nyumbani. Sisi tunafanana na hao, na nina hofu kwamba siku fedha itakapowekwa mezani, hakuna atakayesimama kumpa tyubu mwenzake aliyepasukiwa njiani. Mimi nitapiga kura ya kukataa, ila uamuzi ni wenu.

Karatasi ya kujiandikisha kwa zamu ya mkia iko mezani kwa katibu. Zamu ya kwanza nimejiandika mimi.

Naomba kuwasilisha.