Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa klabu yetu: saini iliyomuuza nahodha ni yako

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Yah: Neno "msaliti" na karatasi ya mauzo ya nahodha wetu

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwanachama wa klabu hii kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na ada yangu sijawahi kuichelewesha. Nimeshakuandikia mara mbili kupitia ofisi ya katibu. Barua ya kwanza ilipokelewa na kugongwa muhuri, ya pili sijui iliishia wapi. Hakuna iliyojibiwa. Hii ya tatu naiweka hadharani kwa sababu ya yaliyotokea Jumamosi, na kwa sababu sioni tena mlango mwingine wa kubisha.

Jumamosi nahodha wetu wa zamani alirudi kwenye uwanja wetu akiwa na jezi ya watani. Kwamba atazomewa nilijua. Kuzomea ni sehemu ya mpira na sina ugomvi nako. Kipindi cha pili akaja kupiga kona upande wa jukwaa letu. Chupa ya kwanza ikaanguka mbali. Ya pili ikampata mshika kibendera mguuni. Ya tatu, Mheshimiwa, ilirushwa na mwanangu wa miaka kumi na miwili, niliyeingia naye getini nimemshika mkono.

Nilimkamata bega nikamuuliza kwa nini. Akanijibu bila kunitazama: "Si msaliti? Msemaji amesema."

Safu nne chini yetu alikuwa amekaa mama mzazi wa yule kijana. Sisi wa jukwaa lile tunamfahamu wote, anakaa pale tangu mwanawe yuko timu ya vijana. Alikuwa amevaa jezi yetu, ile ya zamani iliyopauka, jina la mwanawe mgongoni na namba 10. Watu wakammwagia maji. Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya jezi ile ile, akairudisha usoni, akaendelea kutazama mechi. Sikuinuka kumsaidia. Nilijiambia nimemshikilia mtoto, siwezi kumwacha. Sababu hiyo imenikaa kooni tangu siku ile.

Ndiyo maana leo nakuuliza wewe, si mwanangu.

Unakumbuka mkutano mkuu uliopita. Mimi nilikuwa safu ya tatu kutoka mbele. Mwanachama mmoja aliuliza kama tetesi za nahodha kuondoka ni za kweli, ukasimama mwenyewe, hukumwachia katibu, ukasema: "Hauzwi. Na mkataba wake hauna kipengele cha kuuvunja, kwa hiyo hakuna wa kuja kumchukua kwa nguvu." Ukumbi mzima ulisimama. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Wiki hiyo hiyo jezi mpya zikatolewa zikiwa na jina lake, na sura yake ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango yote. Nilifanya zamu nne za usiku za ziada ili mtoto apate jezi ya ukubwa wake, maana ya mwaka juzi ilikuwa imeshambana kwapani. Siku kumi na moja baadaye nahodha akatangazwa kwa watani.

Sasa, Mheshimiwa, maneno yako mwenyewe ndiyo yanayonipa taabu. Mchezaji mwenye mkataba kwa kawaida haondoki kwa miguu yake. Kipengele cha kuvunja mkataba kikiwepo, yaani bei iliyoandikwa ambayo ikilipwa mchezaji yuko huru kwenda, klabu inaweza kufungwa mikono. Hivyo ndivyo Barcelona walivyompoteza Neymar mwaka 2017, euro milioni 222 zikalipwa na hawakuwa na la kufanya. Mkataba ukiisha, mchezaji ni huru, na haki hiyo Ulaya ilipatikana kwa jasho la Jean-Marc Bosman, aliyepambana na klabu yake mpaka mahakama ya Ulaya ikampa ushindi Desemba 15, 1995. Kwa kanuni za FIFA, ukibaki miezi sita au chini ya hapo anaweza hata kusaini kwingine. Lakini nahodha wetu alikuwa na miaka miwili mbele yake, na kipengele ulisema hakuna. Inabaki njia ya kawaida: klabu mbili zikubaliane bei, na anayeuza atie saini. Katika uhamisho wa kutoka nchi moja kwenda nyingine, tangu mwaka 2010 FIFA imelazimisha klabu zote mbili kuingiza taarifa kwenye mfumo mmoja, na zisipooana hakuna kinachosogea. Kwa uhamisho wa ndani pia, kwa kawaida mwenye mkataba hasajiliwi kwingine bila karatasi ya aliyemwachia. Karatasi hiyo ipo. Ina saini. Kama si yako, tuambie ni ya nani.

Lakini siku alipotangazwa, msemaji wetu alikaa mbele ya vipaza sauti akasema klabu "imeshtuka kama mashabiki walivyoshtuka", kwamba kijana "ametusaliti usiku". Neno hilo likaenda redioni asubuhi, likarudiwa mchana, jioni likawa kichwa cha habari. Ukurasa rasmi wa klabu ukaweka picha yake imepigwa mstari mwekundu usoni. Hukumsahihisha msemaji, na hujamsahihisha mpaka leo. Pesa zimeingia klabuni, lawama zimekwenda kwa mama aliyekaa na miwani iliyolowa.

Sijaja kumtetea nahodha kwa kila kitu, na asome hapa kama ataiona. Wiki tatu kabla ya kuondoka alifunga bao akakimbia mpaka kwenye uzio wetu, akabusu nembo mara mbili, na mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuona jasho linavyomtiririka puani. Kama mazungumzo yalikuwa yameshaanza, na nahisi yalikuwa yameanza, angefunga tu akarudi katikati ya uwanja, tungemshangilia vile vile. Kisha akatutangazia kuondoka kwa video yenye muziki na moshi wa rangi, akishuka kwenye gari kama bwana harusi, akisema amepata "familia ya kweli". Neno "kweli" lile liliniuma kuliko uhamisho wenyewe. Sisi tulikuwa nini miaka yote saba? Nani alimwimbia alipokosa penalti ya nusu fainali? Mtu akikua jina anazungukwa na wanaomwambia kila alichofanya ni historia, na kijana wa watu anaanza kuamini.

Si yeye wa kwanza. Julai 8, 2010 LeBron James, nyota wa mpira wa kikapu, alichukua zaidi ya saa nzima ya televisheni ya Marekani kutamka kwamba anaiacha Cleveland kwenda Miami. Kuondoka ilikuwa haki yake, alikuwa mchezaji huru, na pesa za kipindi zilikwenda kwenye vituo vya watoto. Kilichowachoma watu ni kufanywa watazamaji wa talaka yao wenyewe. Jezi zikachomwa moto barabarani. Usiku ule ule mmiliki wa timu, Dan Gilbert, akaandika barua kali ya kumshambulia mchezaji, mpaka ligi ikampiga faini ya dola 100,000. Mwaka 2014 James akarudi Cleveland, na 2016 akawapa ubingwa. Kila nikifikiria hilo nawawaza waliochoma jezi na sasa wanashangilia kombe, na barua ile ya bosi ambayo haikuweza tena kufutika. Kiongozi akikasirika hadharani, shabiki huongeza kuni.

Na viongozi nao wana majivuno yao, ila ya kwao hatuyaiti hivyo. Luis Figo alipotoka Barcelona kwenda Real Madrid mwaka 2000, wengi tunakumbuka kichwa cha nguruwe alichorushiwa uwanjani Novemba 2002. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya uhamisho ule kulikuwa na uchaguzi Madrid, na Florentino Pérez aliahidi wapigakura kwamba akishinda Figo atakuja. Alishinda. Mchezaji akageuzwa ahadi ya kampeni, na kila alipokwenda kupiga kona Barcelona akailipia yeye.

Nawaza, na nikikosea nisahihishwe, kwamba na sisi mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa upande wa pili. Uchaguzi wa klabu uko karibu. Mishahara ya miezi miwili ilikuwa haijalipwa, hilo wachezaji wenyewe walilisema kabla ya kunyamazishwa. Pesa za mauzo zilihitajika, lakini mwenyekiti aliyemuuza nahodha kwa watani hapati kura. Basi ikabidi ionekane kijana ametoroka. Sina ushahidi wa hili zaidi ya tarehe zinavyofuatana. Nipe maelezo mengine yanayoingia akilini, nitaomba radhi hapa hapa nilipoandika.

Huku vyombo vya habari vikapata sherehe ya mwezi mzima. Kila asubuhi "chanzo cha karibu na mchezaji", kila jioni "chanzo cha ndani ya klabu". Chanzo cha karibu na mchezaji mara nyingi ni wakala anayepandisha bei, na chanzo cha ndani ya klabu ni mtu wa kwako. Watangazaji wakatugawa, huyu mzalendo, huyu mchumia tumbo, na sisi tukapiga simu studio kutukanana kwa vocha zetu. Hata mimi nilipiga. Kazini rafiki yangu wa miaka mingi, shabiki wa watani, tulinuniana wiki mbili kwa sababu ya mtu asiyejua hata majina yetu.

Kuhusu uaminifu ambao msemaji ameuhubiri sana, ningependa tuelewane. Watu kama Francesco Totti, aliyecheza Roma tu tangu 1993 mpaka 2017, tunawapenda kwa sababu ni wachache. Upande wa klabu uaminifu huo hupimwa lini? Beki wetu wa kulia aliyevunjika goti msimu uliopita aliachwa kwa ujumbe wa simu. Hakuna aliyeiita klabu msaliti. Lionel Messi alilia mbele ya dunia Agosti 2021 akisema alikubali kupunguziwa nusu ya mshahara ili abaki Barcelona, na bado aliondoka, kwa sababu hesabu za klabu hazikukidhi kanuni za ligi za kumsajili upya. Na nyuma zaidi, mwaka 1969, Curt Flood, mchezaji wa besiboli Marekani, alihamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia baada ya misimu kumi na miwili bila kuulizwa. Alimwandikia kamishna wa ligi kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Alikataa kwenda, akashitaki, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ikamnyima ushindi. Barua ile ya kwake kwa kamishna ndiyo iliyonitia nguvu ya kuandika hii ya kwangu, ingawa mimi ni shabiki tu.

Klabu ina haki ya kuuza. Mchezaji ana haki ya kwenda. Sijaomba nahodha arudi, sijaomba ujiuzulu, wala pesa ya jezi siitaki tena. Wiki hii mwanangu alichukua pasi ya moto na kitambaa akajaribu kubandua lile jina mgongoni. Herufi tatu zilitoka, nyingine zikaungua zikaacha alama nyeusi, na jezi sasa haina jina wala haina usafi. Aliikunja akaiweka chini ya godoro. Nilimwambia ukweli kwamba kijana hakutoroka, aliuzwa. Akaniuliza: "Mwenyekiti amesema hivyo?" Sikuwa na jibu.

Ninachoomba ni kauli moja, kwa kinywa chako, si cha msemaji: kwamba klabu ilimuuza nahodha, kwamba uliridhia, na kwamba hakusaliti mtu. Dakika mbili zinatosha. Ikibidi useme pia ni kwa sababu ya madeni, tutaelewa, sisi sote tuna madeni. Iseme kabla ya mechi ya Jumamosi ijayo, ukurasa ule ule uliobeba mstari mwekundu uibebe. Na picha ile itolewe. Nasema tena, Mheshimiwa, kauli moja tu.

Jumamosi mimi na mwanangu hatutakaa mahali petu. Nimeshamwambia tutashuka safu nne, tukakae pembeni ya yule mama kama ataridhia, na mtoto ana maneno ya kumwambia. Ningefurahi sana kama tungefika pale na wewe umeshasema ya kwako.

Wako mtiifu,
Mwanachama, jukwaa la mashariki