Mama anaficha magoti, baba anataka kuumaliza mji wote, nimwambie au ninyamaze?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu habari zenu. Mie nasoma humu siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, mnivumilie maneno yatakuwa mengi, naandika niko jikoni usiku wazee wameshalala.

Ni binti wa Tanga, naishi Istanbul huku Uturuki, nilikuja kusoma nikamaliza nikapata kazi kwenye ofisi ya kargo, ile mizigo wafanyabiashara wa Dar wanayonunua huku sisi ndo tunaifunga na kuisafirisha. Nakaa Üsküdar, upande wa Asia. Mwaka huu Mungu kajaalia nikawakatia wazazi tiketi waje waone ninapoishi badala ya kunisikia kwenye simu tu, nikachukua na likizo kazini ili nizunguke nao mwenyewe. Wamefika salama, wana furaha, wanakula vizuri (baba kila bei anaigeuza kwanza shilingi ndo anakula, ila anakula). Kwahiyo tatizo langu sio la kulia, ila linaninyima usingizi.

Baba ni mwalimu mstaafu, historia kaifundisha mpaka mvi zimemjaa, na huu mji alikuwa anaujua vitabuni hata mimi sijazaliwa. Kaja na daftari. Ana orodha kaiandika Tanga, msikiti wa Ayasofya, jumba la masultani la Topkapı, msikiti wa Süleymaniye, kuta za zamani, mnara wa Galata, kaburi la Abu Ayyub al-Ansari yule sahaba aliyempokea Mtume Madina, yaani vitu ambavyo mimi nimekaa huku miaka na vingine sijawahi kuviona. Na baba anatembea kama kafukuzwa, mikono nyuma, anaongea huku anakwenda, "hapa ndo walipoingia 1453" (yaani Waosmani, wale Waturuki wa masultani, walipouteka huu mji), mimi na mama tuko nyuma tunaitikia tu.

Sasa mama. Magoti yanamsumbua tangu mwaka jana, daktari alimwambia mifupa imeanza kusagika, apunguze ngazi na apunguze milima. Na hivi nnavyoongea baba hajui! Anajua mama anaumwaumwa miguu kama watu wazima wote wanavyoumwa, hajui kuna daktari na hajui kuna picha za eksirei. Mama kaniambia mimi siku ya pili walipofika, baba kaenda msikitini, akanishika mkono, "usimwambie baba yako, huyu mzee hii safari kaiota miaka, akijua atakaa ndani na mimi mpaka siku ya kurudi". Na kwakweli atakaa, namjua. Mama aliwahi kulazwa kwa homa, baba alilala kwenye benchi nje ya wodi, manesi wakamfukuza, akarudi. Halafu nahisi kuna sababu ya pili mama haisemi, hataki kuambiwa "si nilikwambia upunguze uzito".

Kwa asiyeijua Istanbul, huu mji ni milima mitupu, wenyewe wanasema vilima saba, mie nikipanda nahesabu zaidi. Mawe ya barabarani kule mji wa zamani hayako sawa, ngazi kila kona, na kwangu penyewe ni ghorofa ya tatu haina lifti, kwahiyo mama kabla hajaona kitu chochote ameshashuka ngazi, na jioni akirudi amechoka ndo anazipanda.

Juzi tulikwenda Süleymaniye. Kuna njia rahisi, unapanda tramu mpaka juu kule Beyazıt halafu unatembea kidogo. Baba akasema hapana, tupande kwa miguu toka Eminönü kule chini bandarini ili tuone vichochoro na maduka. Jamani ule mlima! Mama ana ujanja wake, akizidiwa anasimama anasema "nipige picha hapa". Tunapanda kidogo, "hapa pia pazuri, nipige". Simu yangu saivi imejaa picha za mama ameegemea ukuta, mama ameshika nguzo, mama kakaa kwenye ngazi ya duka la sufuria anatabasamu na jasho linamtoka. Baba anacheka anasema mama yako kapenda picha uzeeni. Nilicheka na mimi, ningefanyaje.

Tukafika, msikiti wenyewe ni kitu kingine, umekamilika 1557 na aliyeujenga ni yule fundi mkuu Sinan, baba akasimama chini ya kuba anatazama juu hata kuongea kaacha. Ikaadhiniwa, yeye akaenda mbele, sisi tukaenda upande wa wanawake nyuma. Huko ndo nikamuona mama anavuta kiti, anasali amekaa. Mama yangu huyu ambaye sijawahi kumuona anasali kwenye kiti. Baadae nikagundua hata nyumbani kwangu anasubiri baba atoke kwenda msikitini ndo anasali, na akiwepo anasingizia anapika kwanza.

Usiku anaweka maji ya moto kwenye chupa ya soda anajikanda, halafu anajipaka mafuta ya karafuu. Baba akauliza harufu ya nini hii, akajibiwa "baridi ya huku". Na baridi kweli ipo ipo, baba akaridhika akageukia ukutani akalala.

Ayasofya nayo ina mambo yake. Pale siku hizi anayekuja kusali anaingia chini bure, mtalii wa nje analipa yuro 25 anapelekwa juu kule kwenye picha za mozaiki za zamani, maana kabla ya 1453 lilikuwa kanisa, limejengwa 537, halafu likawa msikiti, halafu makumbusho, na 2020 limerudi kuwa msikiti. Baba kusikia yuro 25, kama elfu sabini kwa mtu mmoja, akasema "nilipe kiingilio msikitini mimi?" tukaingia na watu wa adhuhuri. Moyoni nikashukuru, mama amepona kupanda. Lakini jioni baba kakaa na daftari lake, anazifikiria zile mozaiki, kesho yake asubuhi anasema "unajua mwanangu mwalimu wa historia kuja mpaka hapa asizione ni aibu, nitalipa". Kwahiyo tunarudi.

Na sasa nieleze kinachonichanganya zaidi, mana mtu anaweza kusema si mzee mwenyewe ana macho, kwanini haoni. Mama ana duka la madera na mashungi Tanga mjini. Nikampeleka Laleli, mtaa wa maduka ya jumla, nguo zinauzwa kwa seri, saizi zote kwa pamoja. Anti, mama alitembea toka saa nne mpaka alasiri! Anaingia duka hili anatoka lile, anashika kitambaa anakivuta anakinusa, anapatana bei kwa vidole kwenye kikokotoo na muuzaji hajui Kiswahili wala yeye hajui Kituruki, na bei ikashuka. Baba kachoka yeye, kakaa nje kwenye kistuli anakunywa chai ya kile kiglasi kidogo, ananiambia "unaona mama yako, huyu ana nguvu kutushinda sote". Usiku ule mama alilia kimyakimya bafuni kwa maumivu. Kwahiyo hata nikimwambia baba leo ataniuliza, na Laleli je?

Nimejaribu kupanga ratiba kijanja. Eyüp tulikwenda kuzuru kaburi la sahaba halafu nikawapandisha teleferik, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, mpaka juu kilimani, mama akafurahi kama mtoto, chini unaona mkono wa bahari wote. Vapur ya Üsküdar kwenda Eminönü mama anaipenda sana, anaita pantoni, amekaa anawarushia ndege mkate wa simit na magoti yamepumzika. Nikapendekeza tutenge siku nzima tupande meli ya Bosphorus, ule mkondo wa bahari unaokata mji, ile inayokwenda mpaka karibu na Bahari Nyeusi, baba akanijibu "bahari tunayo Tanga". Nikapendekeza visiwani, Büyükada, kule magari binafsi hakuna, farasi waliwaondoa 2020 sasa kuna vigari vya umeme, akauliza kuna nini cha kihistoria. Taksi hataki, anasema tramu ipo na kadi ina hela. Kiti cha magurudumu mama hataki hata kukisikia, uwanja wa ndege walimletea akamwambia yule kijana kwa Kiswahili "mpelekee mgonjwa".

Ndugu zangu nao wamegawanyika. Dada yangu yuko Tanga anajua kila kitu, yeye ndo alimpeleka mama kwa daktari, anasema siri ya mama haitoki, we mpangie vizuri tu amalize salama. Kaka yuko Dar anasema mwambie mzee leo leo, mama akiteleza kwenye hizo ngazi zenu mtamwambia baba nini, kwamba wote mlijua isipokuwa yeye? Hilo la mwisho linaniuma kwasababu ni kweli, baba ndo mtu pekee kwenye familia asiyejua na ndo anayeongoza msafara.

Jumamosi ameshapanga twende Bursa, mji mkuu wa mwanzo wa Waosmani, anataka makaburi ya Osman na Orhan na ule msikiti mkubwa wenye kuba 20. Kufika Bursa sio shida, basi linatupeleka vizuri. Ila hayo makaburi yako juu na mji wenyewe umelala ubavuni mwa mlima. Mama nimemuuliza akasema nitakwenda, usianze.

Kwahiyo naombeni ushauri. Kwanza, hii siri ni yangu kuitoa kweli, au nimbane mama aitoe mwenyewe, na mnambana vipi mama wa Kitanga asiyetaka kubanwa? Pili, kuna mtu aliwahi kugawanya wazazi, yaani baba nimuunganishe na kundi la watalii lenye mtu wa kuwatembeza anayeongea Kiingereza siku moja moja (Kiingereza anakijua vizuri) na mimi nibaki na mama tukae vapur tunywe chai, bila baba kuona anafukuzwa na bila mama kuona anaachwa? Hawa watu wana miaka zaidi ya arobaini hawajawahi kwenda matembezi kila mtu kivyake, baba akisema "twende" anamaanisha wote. Na tatu kwa waliopo Istanbul au waliowahi kupita Bursa, kuna njia ya kufika pale makaburini kwa gari mpaka karibu kabisa, na baba nimwambie nini ili asiseme tupande kwa miguu tuone vichochoro?

Mkinijibu kabla ya ijumaa usiku mtakuwa mmenisaidia sana. Jina msiliweke tafadhali, dada anasoma humu.

Binti wa Tanga, Üsküdar