Barua kutoka Goma: kuhusu mchango wenu

Goma, Agosti 2025

Rafiki yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi tu wazima, na mama anakusalimu sana. Unaniuliza, kwa niaba ya wenzako mnaochanga huko Dar es Salaam, kama fedha mnazotutumia kwa ajili ya wahitaji haziwanufaishi waasi wa M23 walioushika mji, na kama si busara kuzizuia kwanza mpaka mambo yatulie.

Ukumbuke jinsi mambo yalivyotupata kwa mfululizo. M23 waliingia mjini mwishoni mwa Januari, siku chache tu baada ya Marekani, ambayo mwaka 2024 ilibeba karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini Kongo, kusimamisha misaada yake. Katika siku zile za mapigano maghala ya misaada yaliporwa, likiwamo la Mpango wa Chakula Duniani, na tangu hapo mabenki ya biashara hayafanyi kazi. Mwezi Februari wakimbizi waliokuwa katika kambi za kandokando ya mji wakaambiwa wahame ndani ya saa 72. Waliorudi Masisi na Rutshuru wengi walikuta nyumba zimebaki kuta. Wengine wamejibanza humu humu mjini, familia mbili au tatu katika chumba kimoja cha shemeji au mkwe. Mtu wa kambini hufikiwa na lori, lakini huyu wa kwa shemeji yake ni lazima atafutwe mtaa kwa mtaa, na hiyo ndiyo kazi inayofanywa na vikundi vidogo kama chetu.

Ugumu wetu mkubwa, hata hivyo, si chakula. Maharage yapo sokoni Kituku na unga unavuka mpaka kutoka Gisenyi, upande wa Rwanda. Kinachoadimika ni noti. Fedha zenu hufika kwenye simu siku ileile, lakini kuzigeuza ziwe noti ni safari nyingine: wakala hana, au anazo na anakata sehemu isiyosemeka, au anakupa dola iliyochanika pembeni ambayo hakuna muuza duka atakayeigusa. Kwa hiyo tumepatana na wafanyabiashara wachache wanaokubali kulipwa kwa simu. Mhitaji anakwenda na jetoni yetu, yaani kidude cha kuonyesha kwamba tutamlipia, anachukua unga, mafuta na sabuni. Bei yao imezidi kidogo, lakini haifikii makato ya wakala. Sipendi njia hii kwa moyo wote, kwa sababu mwenye kudaiwa kodi ya nyumba hawezi kumlipa mwenye nyumba kwa sabuni, ila kwa sasa ndiyo inayotuwezesha kuendelea.

Jambo ambalo huenda hukulitazamia ni kwamba waliokuwa wakichanga nasi ndio sasa wanaobisha hodi. Mwalimu aliyekuwa akilipwa mshahara wake na Kinshasa kupitia benki anafundisha kila siku na mkononi hana kitu. Watu wa namna hii hawapangi mstari, wana haya, na usipowafuata nyumbani jioni hutajua kwamba makaa ya kupikia yamekwisha tangu juzi.

Sasa nijibu swali lako. Nikikuambia kwamba hakuna hata faranga inayowafikia wenye silaha nitakuwa nimekudanganya, kwa kuwa bidhaa hutozwa ushuru mpakani na barabarani, na mfanyabiashara huurudisha ushuru huo ndani ya bei. Lakini ushuru huohuo unalipwa na kila mama anayenunua unga, awe amesaidiwa au hakusaidiwa. Mkizuia mchango, wao watakosa kiasi kidogo, na yeye atakosa chakula chote. Tulichoweza kukilinda tumekilinda: orodha ya majina hatumpi mtu yeyote, hatugawi mbele ya viongozi, wala hatupigwi picha nao. Tunafanya hivyo pia kwa sababu ya Kinshasa, ambako aliyebaki Goma hutazamwa kwa jicho la shaka, na mji unaweza kubadilisha mikono tena.

Kwa hiyo naomba mtume kidogo kidogo kila mwezi badala ya fungu kubwa mara moja, maana fungu kubwa huwashtua mawakala na kuwavutia wasiohitajika. Msitudai picha za waliosaidiwa, wala msiandike popote majina ya mitaa yetu. Hesabu nitakusomea kwa simu, na mwenzako mmoja anayejua mahesabu asikilize na aulize atakavyo. Kama wenzako hawaridhiki na uhakika wa namna hiyo, nitawaelewa, na ni heri waniambie mapema. Shule zinafunguliwa Septemba, nasi tungependa kuwanunulia watoto madaftari kabla bei hazijapanda, kwa hiyo jibu lao lisichelewe.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.