Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Taka za hospitali ziondoke bondeni kwetu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu, mkoani Mbeya,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua zetu zenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa ziliishia masjala.

Wiki iliyopita mwanangu wa darasa la tatu alichomwa na sindano kisiginoni. Alikuwa anatoka shule, anapita kando ya dampo, na watoto wa bondeni hawana njia nyingine. Sindano ilikuwa bado imo kwenye bomba lake, na ndani damu imeganda nyeusi. Niliitia kwenye kopo la maziwa, nikampakia mtoto kwenye bajaji ya mkopo mpaka hospitali. Daktari akasema dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, halafu dozi imezwe siku 28. Anameza, anatapika, ananiuliza kama atakufa. Mheshimiwa, nimjibu nini?

Sindano iliyotumika inapaswa kuingia kwenye boksi la njano, kisha ikachomwe kwenye tanuru. Hiyo hata mhudumu wa zahanati anaijua. Sasa zinafikaje kwetu, pamoja na glovu na bandeji zenye usaha? Nadhani kuna tanuru limeharibika mahali, au mkandarasi anakwepa gharama. Mimi si mkaguzi. Wewe unao wakaguzi.

Ulipokuja kwenye mkutano wa hadhara ulisema, tena kwa kipaza sauti, kwamba dampo litawekewa uzio na taka zitafukiwa kwa udongo kabla ya mvua. Tulikupigia makofi. Mvua zikaja, zikaisha, na sasa tunaelekea Novemba nyingine. Katapila tuliliona siku ya ziara ya wakubwa, likaondoka nao.

Malori yanayomwaga kwenye dampo hili hayabebi taka zetu. Sisi wa bondeni, vibarua na wauza mboga, maganda ya ndizi tunawapa nguruwe na chupa tunaziuza. Taka zinatoka kwenye mahoteli, maduka makubwa na nyumba za juu zenye mageti, na kule gari la taka linapita kwa ratiba. Kwetu linapita kumwaga tu. Tozo ya taka tunalipa wote. Juni na Julai, kwa baridi ya huku unayoijua, tunafunga madirisha usiku na bado moshi wa plastiki zinazoungua unaingia kwenye matundu ya mabati. Bibi jirani yangu analala amekaa, maana akilala chali hapumui. Masika ndiyo balaa zaidi: maji meusi yanatoka chini ya lile lundo, yanateremka kwenye kijito tunachomwagilia chainizi. Wateja sokoni wameshajua. Wakisikia mboga ni ya bondeni wanapita, na mimi sina shamba lingine.

Mkoloni alipanga miji yetu kwa rangi ya watu, na Mbeya mjini majina ya Uzunguni na Uhindini bado tunayatumia. Leo rangi yetu ni moja, lakini uchafu bado unajua pa kwenda. Marekani, jimbo la North Carolina, mwaka 1982 serikali ilianza kupeleka udongo wenye PCB, kemikali ya viwandani yenye sumu, ukafukiwe Kaunti ya Warren, yenye weusi wengi na maskini. Watu walilala barabarani kuzuia malori, zaidi ya 500 wakakamatwa, udongo ukafukiwa vilevile. Ulikuja kusafishwa baada ya zaidi ya miaka 20. Mwanangu hana miaka hiyo ya kusubiri.

Wala tusiende mbali. Mwaka 1988 Joseph Kessy na wenzake wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya moshi na harufu ya dampo, wakashinda. Jiji likarudi mahakamani tena na tena kuomba muda. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akasema ombi hilo linagusa haki ya kuishi iliyomo kwenye Ibara ya 14 ya Katiba. Dampo likaondoka Tabata, mwishowe likaishia Vingunguti, kwa watu wenye kipato kidogo. Ndiyo maana sikuombi ulihamishie kwa maskini wengine. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Bondeni ni Tanzania.

Uzio tunauhitaji. Udongo tunauhitaji. Lakini kama bajeti haipo, kama mnavyotuambia kila mwaka, basi nakuomba moja tu: taka za hospitali zisimwagwe tena huku. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji amri yako. Malori yenye taka hizo huja alfajiri, kabla ya saa kumi na mbili. Mtume afisa afya wako asimame pale njia panda, afungue kila lori, aandike limetoka wapi. Mwenyekiti wa mtaa atampokea, na sisi akina mama tutasimama naye. Aje wiki hii, Mheshimiwa. Tafadhali, aje wiki hii.

Wako,
Mkulima wa mboga, bondeni