Mkanda wa presha haukumtosha

Mhariri,

Mtoto wa dada yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na mtaani kwao Mbagala wanamwita Bonge. Mwezi uliopita alirudi nyumbani na vikaratasi viwili. Cha kwanza alikipata stendi, kwa wale vijana wa mizani inayopiga kelele: kilo 88, urefu sentimita 165, mafuta asilimia 41. Mama yake alipokisoma akamkimbiza zahanati moja, wakatoka na cha pili: presha 148 kwa 92. Akanipigia simu analia. Presha ndiyo iliyoondoka na baba yetu, kwa hiyo sikumlaumu.

Nimestaafu uuguzi. Swali langu la kwanza lilikuwa kama ule mkanda wa kupimia presha unaofungwa mkononi ulimtosha. Kijana akajibu mwenyewe: "Ulikuwa unafumuka, mama mkubwa. Nesi akaushikilia kwa mkono."

Sasa hapo unapima nini? Mpira ulio ndani ya mkanda unatakiwa uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono, na upana wake ufike asilimia 40 ya mzunguko huo. Mkono wa Bonge una mzunguko wa sentimita 37. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima unaishia kwenye 34 hivi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko iliyopo. Tena alipimwa ametoka kwenye foleni, anaongea, hajakaa hata dakika tano.

Nikaazima mkanda mkubwa, nikampima siku tatu tofauti, ametulia, mgongo umeegemea kiti. Iliyopanda zaidi ilikuwa 128 kwa 78. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017 unasema kuanzia miaka 13 ugonjwa unahesabiwa kwenye 130 kwa 80, na mpaka ujirudie mara tatu kwa nyakati tofauti. Bonge hajafika huko, ingawa namba ya juu kuvuka 120 si habari njema.

Na ile asilimia 41? Mizani ile hupitisha umeme mdogo mwilini na kukisia mafuta kutokana na maji yaliyomo. Yeye alipanda saa nane mchana, jasho linamtiririka, kwa hiyo namba ile siiamini. Kwamba ni mnene, hilo halihitaji mashine.

Mimi nilichukua futi ya fundi cherehani. Kiuno sentimita 98. Kiuno kinatakiwa kisifike nusu ya urefu, kwake yeye 82 na nusu. Hiki ndicho kipimo kilichoninyima usingizi, na stendi wala zahanati hakuna aliyekichukua. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayozifanya figo zing'ang'anie chumvi, presha ikapanda kidogo kidogo bila mtu kuhisi chochote.

Ombi langu kwa wenye zahanati: mnaponunua mashine ya presha, ulizieni na mkanda mkubwa, maana mara nyingi huuzwa kando. Futi ya fundi haizidi bei ya sahani ya chipsi mayai.

Dada aliposikia kijana hana ugonjwa, alimtuma dukani alete soda kubwa tusherehekee. Niliondoka nayo kwenye mkoba.

Mama Mkubwa,
Temeke, Dar es Salaam