Mkono wa kushoto mmeuacha wapi? Barua kwa vijana wapiga kinanda wa kwaya

Vijana wangu, marahaba, hata kama hamjanisalimia, maana siku hizi salamu yenu ni kidole gumba kwenye simu. Naandika hapa wazi wote msome kwa sababu nikimwita mmoja pembeni mtasema mzee anamsema fulani, na mimi sina fulani, nawasema wote.

Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma mkapiga zile kodi mlizookota YouTube (kodi za muziki, noti kadhaa kwa mpigo mmoja, sio za TRA), zile nzito zinazoitwa za tisa, kumi na moja, kumi na tatu, vidole vinakimbia mpaka mama mchungaji akageuka kuangalia nani anafukuzwa. Nzuri, sikatai. Ila mkono wa kushoto umekaa kama mtu aliyeingia msibani kimakosa, unabonyeza besi moja halafu unangoja. Baada ya ibada mmoja wenu akaniambia babu, sisi siku tukipata piano ya kweli na shule ya kweli ya jazi ndo utatuona. Hiyo kauli nimelala nayo. Ndo maana leo nawapa habari za kijana wa Brazili anaitwa Amaro Freitas, mtafuteni wenyewe, kutafuta mnajua kuliko mimi.

Huyu ni mtoto wa Recife, mji wa pwani kaskazini mashariki ya Brazili, makao makuu ya jimbo la Pernambuco, na kakulia uswahilini wa huko huko. Kinanda kaanza kanisani ana miaka 12, mwalimu wake baba yake mzazi aliyekuwa anaongoza bendi ya kanisa. Mnaona tunapoanzia? Kanisani, kama nyie. Akamaliza alichokuwa nacho baba, akapata nafasi Conservatório Pernambucano, chuo cha muziki chenye jina kule, halafu akaacha. Hakufukuzwa wala hakushindwa masomo, nauli ya basi ndo ilishinda nyumbani. Nauli, jamani. Akafanya kazi ya kupokea simu za wateja, akapiga harusi, ili apate hela ya kujilipia masomo.

Alipokuwa na miaka 15 akakutana na DVD ya Chick Corea, mpiga piano wa jazi wa Marekani, akiwa jukwaani, akapagawa. Sasa piano nyumbani hakuna. Unajua alifanya nini? Alikuwa anapiga hewani chumbani kwake, funguo za kuwazia, vidole vinatembea pasipo kitu. Baadaye akaongea na mgahawa mmoja uliokuwa na piano, wakamruhusu aje afanye mazoezi kabla hawajafungua. Nawaza tu hapa mwenyewe, viti bado vimepinduliwa juu ya meza, mtu anadeki, na yeye yuko kwenye kona anarudia kitu kile kile mpaka mwenye kudeki anakijua kwa moyo. Alipofika miaka 22 ndo alikuwa mpiga piano wa kudumu kwenye baa ya jazi ya Recife inaitwa Mingus, na hapo hapo akakutana na mpiga besi Jean Elton, wakamtafuta mpiga dramu wakampata Hugo Medeiros, watatu wakatimia.

Lakini sikuwaandikia ili mlie machozi ya umaskini, umaskini mnaujua. Nimewaandikia kwa sababu ya alichofanya baada ya hapo. Angeweza kumuiga Chick Corea mpaka mwisho, na angekula vizuri tu, dunia imejaa waigaji wanaokula vizuri. Yeye akarudi kwenye ngoma za kwao, na sikilizeni hapa, hakuziweka juu kama nyie mnavyoweka vionjo vya nyumbani mwishoni mwa wimbo, kama pilipili ya chupa juu ya chipsi. Kaziweka chini, kwenye mkono wa kushoto, kwenye mifupa. Piano anaigonga kama ngoma.

Nyie hamuamini mpaka mguse, haya, gusa meza iliyo mbele yako. Hesabu moja mpaka nane haraka haraka bila kusimama na ukifika nane unaanza tena moja. Kwa kushoto gonga kwenye moja na kwenye nne tu. Tena. Mwili unasubiri tano, nne inakuja kabla, na hapo ndo goti linakunjika lenyewe. Hiyo ni besi ya baião, mdundo wa bara kavu la Pernambuco, huko wanaupiga kwa zabumba, ngoma pana ya kuning'iniza begani, juu wanapiga kwa rungu laini na chini kwa kijiti chembamba. Sasa mkono wa kulia uguse zote nane, nyepesi nyepesi, hiyo ni pembetatu ya chuma. Juu yake weka kodi zako zote za kumi na tatu, utaona zinaanza kuwa na sababu. Aliyeupeleka mdundo huu Brazili nzima ni Luiz Gonzaga na kodiani yake, miaka ya 1940, mwana wa Pernambuco huyo huyo, alikuwa anavaa kofia ya ngozi ya wachunga ng'ombe mbele ya watu wa mjini na wala haoni haya.

Kuna na frevo, muziki wa kanivali ya Recife, tarumbeta zinakwenda mbio na wachezaji wana miavuli midogo ya rangi wanaruka nayo mpaka unaogopa magoti yao, jina lenyewe linatokana na neno la kuchemka, na UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika 2012. Kuna na maracatu, maandamano ya mfalme na malkia na ngoma kubwa na kengele ya chuma, yenye mizizi kwenye sherehe za watumwa za kumvika taji mfalme wa Kongo. Hapa msinirukie na sebene, Kongo hiyo ni ufalme wa zamani wa upande wa Atlantiki, sio bendi za Kinshasa mnazozijua. Mimi nilichoshika ni kwamba ni ngoma inayotembea barabarani, na niliposikia hivyo nikanyamaza muda mrefu.

Kwa sababu nami nina yangu. Nimezaliwa Maneromango, nimekua na mdundiko, ngoma ya kwetu Wazaramo, mnaifuata mtaa kwa mtaa mpaka viatu vinapotea. Nikiwa kijana nilipata kazi ya kupiga piano kwenye hoteli moja ya wageni mjini, jina liacheni, na usiku mmoja nikajisahau, mkono wa kushoto ukaanza kutembea wenyewe. Meneja akaja akaniinamia sikioni, mzee, wageni wanakula. Basi. Maneno matatu tu. Nikaurudisha mkono mahali pake na nikauacha pale karibu miaka ishirini, na ubaya wenyewe sio meneja, meneja alikuwa analinda supu yake, ubaya ni kwamba nilikuja kuamini kwamba alikuwa sahihi. Kwa hiyo nikiwaona nyie na mkono wa kushoto uliokaa kimya najua hakuna aliyewaambia, mmejiambia wenyewe kabla ya kuambiwa.

Albamu ya kwanza ya Freitas, ya 2016, kaiita Sangue Negro, damu nyeusi. Ya 2018 kaiita Rasif, yaani jina la mji wake kalirudisha kwenye neno la Kiarabu lililozaa neno recife, mwamba wa baharini. Ya 2021 ni Sankofa, yule ndege wa Waakani wa Ghana anayegeuza shingo nyuma. Humo kuna kipande kakipa jina la Baquaqua, Mwafrika wa Magharibi aliyeuzwa utumwani huko huko Pernambuco kwa mwoka mikate, baadaye akafika New York kwa meli 1847 akatoroka. Mtu mmoja wa kweli, mwenye jina, kwenye funguo za piano bila neno hata moja la kuimba. Halafu 2024 ikaja Y'Y, neno la Wasateré-Mawé wa Amazon, maana yake maji au mto, na humo nyuzi za piano kaziwekea mbegu na vibanio vya nguo ili zilie vingine. Vibanio, vile vile vya kuanikia.

Sisemi mpige maracatu kanisani, mtakuwa mmebadilisha tu mtu wa kumuiga. Na shule nendeni mkipata, Freitas mwenyewe aliitafuta kwa jasho, sitaki kusikia mtu anasema babu kasema noti hazina maana.

Jumamosi hii saa kumi nipo nyumbani. Njooni ila kila mmoja aje na mdundo mmoja wa kwao, ngoma ya harusi, ya jando, ya kupeta mpunga, chochote, ukiwa hujui mpigie bibi yako simu leo usingoje Ijumaa. Simu za muziki zibaki mfukoni. Mkono wa kulia tutaukalia kabisa, saa nzima, nimeshamwambia bibi yenu asishangae. Umeme ukikatika tutagonga meza. Na kinanda changu fa ya chini hailii tangu mvua za mwaka jana, ukiifikia ipige tu hivyo hivyo, tutaisikia.