Wembe wa babu usipelekwe kwenye jiwe la baiskeli

Ndugu mhariri, salaam na poleni na kazi. Naomba nafasi kidogo niongelee wembe, na sio hizi nyembe za dukani unatumia unatupa, nasema ule wa zamani wa kukunja wenye mpini ambao wazee wetu walikua wananyolea ndevu. Huku Tanga kuna nyumba bado upo, umeviringishwa kwenye kitambaa ndani ya kabati, umeshakua butu na hakuna anaejua aufanye nini, mwishowe watoto wanauokota wanachongea penseli. Inaniuma sana.

Mimi babu aliniachia mbili. Zote zimegongwa neno Solingen, huo ni mji wa mafundi visu kule Ujerumani na jina lake linalindwa kwa sheria tangu 1938, yani kiwanda cha mji mwingine hakiruhusiwi kuligonga kwenye bidhaa zake. Ule wa kwanza nikaupeleka kwa fundi anaenoa kwa jiwe la kuzungusha na baiskeli, cheche zikaruka, dakika mbili kamaliza, nikalipa nikaondoka nimefurahi. Nafika nyumbani nautazama kwenye mwanga naona ncha imekua ya bluu. Bluu ile maana yake chuma kimeungua, ugumu wake umetoka, pale hata unoe mwaka mzima makali hayakai. Kwa panga na kisu cha jikoni jiwe lile ni zuri tu, ila kwa wembe hapana jamani.

Wa pili nikasema najifunza mwenyewe na ilinichukua kama miezi minne. Kilichonichelewesha zaidi ni mgongo. Wembe huu unalazwa kabisa juu ya kinoo, mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, kwasababu unene wa ule mgongo ndio unaoamua makali yakae mlalo gani, aliyeutengeneza ameshakupigia hesabu hiyo. Mimi nikawa nauinua kidogo kama nanoa kisu alafu nakandamiza, basi kila siku nanoa na kila siku ndevu zinavutwa badala ya kukatwa.

Siku moja nikapaka makali wino wa maka peni nikapitisha kwenye jiwe mara 3, wino ukatoka kwenye ncha na kule karibu na mpini, katikati ukabaki vilevile. Kumbe jiwe lenyewe lilikua limebonyea! Nikachukua msasa nikautandaza juu ya kioo, nikachora jiwe mistari ya penseli, nikasugua na maji mpaka mistari yote ikafutika, hapo ndio likawa limelala sawa. Tangu hapo kazi ikaanza kuonekana. Unaanza na jiwe namba 1000 (namba ikipanda punje za jiwe zinakua laini zaidi) na huhami mpaka wembe unyoe vinyweleo vya mkono urefu wake wote, sio ncha tu, alafu 5000, 8000, ukiipata 12000 vizuri zaidi. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha, na ukiwa unasukuma angalia maji uliyolowesha jiwe, yale ya mbele ya makali, yanavyopanda juu ya chuma, yakipanda sawasawa toka mwanzo mpaka ncha ujue upo vizuri. Kwenye jiwe makali ndio yanatangulia, kwenye mkanda wa ngozi, ule wa kusugulia wembe ukishatoka kwenye jiwe, unatangulia mgongo, na ukifika mwisho unaugeuzia mgongoni maana ukiugeuzia kwenye makali umeyaua na ngozi umeichana.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi kwahiyo ukimaliza kunyoa ukaushe vizuri upake tone la mafuta ya cherehani. Na tafadhali sana wembe huu uwe wa mtu mmoja, usizunguke kwa kaka na shemeji, ukimwi na homa ya ini vinapita kwenye damu hata usiyoiona.

Ombi langu kwenu mhariri, tumeni mwandishi awatafute vinyozi wazee wa Tanga na Pangani waliofanya kazi na wembe huu, awaulize walikua wanatumia jiwe gani na ngozi ya mnyama gani, maana mimi babu yangu sikuwahi kumuuliza.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga